Fundi anajibu: mashine nyepesi ya kufyonza vumbi

SWALI: Shikamoo fundi. Nyumba yangu ni ya ghorofa na mgongo unanisumbua. Mdogo wangu aliyeko Marekani anataka kuniletea mashine ya kusimama ya kufyonza vumbi, Oreck, ya kilo 4 hivi. Itadumu? Mama wa Njiro, Arusha.

JIBU: Marahaba mama. Mwambie asubiri. Ya kule hutengenezwa kwa volti 120, kwetu ni 230; ukiichomeka hivihivi mota inaungua. Na transfoma ya kushusha umeme ni mzigo mwingine wa kupandisha ngazi.

Tafuta ya volti 230, uzito huohuo. Inyanyue dukani kwa mkono mmoja, pamoja na waya wake.

Kuhusu kudumu, nyingi ninazofungua hapa Moshi mota bado nzima. Kilichokatika ni mkanda wa mpira unaozungusha brashi: nywele na nyuzi za zulia zimejisokota, mkanda ukapata moto. Zikate kwa mkasi kila wiki, tafadhali. Vumbi letu la kiangazi nalo ni laini kama unga, huziba mfuko kabla haujajaa.

Muuzaji akikosa mikanda na mifuko ya spea, usinunue kwake.