Apremont mezani Goma: maswali na majibu

Wiki hii mmeniuliza sana juu ya Apremont, mvinyo mweupe wa Savoie, kwenye milima ya Alps upande wa Ufaransa.

Papa wa Katindo: Nimeuonja, mchachu kweli. Umeharibika?
Hapana, Papa. Zabibu yake, Jacquère, ndivyo ilivyo. Usiku wa baridi huitunzia uchachu, na sukari yake si nyingi, ndiyo maana alkoholi ni kama asilimia 11 tu. Ukimeza, mate yanajaa pembeni mwa ulimi, halafu inakuja ladha ya limau na tofaa bichi. Ulioharibika utaujua kwa pua: unanuka siki, au kartoni iliyoloa.

Mama wa Himbi: Chini ya chupa nimekuta chembe kama vioo. Nimwage?
Usimwage! Ni chumvi ya asidi ya zabibu yenyewe, imeganda kwa baridi. Haidhuru. Mimina polepole.

Kijana wa Ndosho: Kumbe zabibu hizo zinalimwa juu kuliko Goma?
Wapi! Sisi tuko mita 1,500 hivi. Mizabibu ya Apremont haifiki 600. Ajabu yake ni udongo. Usiku mmoja wa Novemba 1248, ubavu wa mlima Granier uliporomoka ukafukia vijiji pamoja na watu wake. Mizabibu ya leo imepandwa juu ya kifusi hicho cha mawe ya chokaa. Aliyejenga upya hapa Goma juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 hahitaji kuelezwa zaidi.

Mama wa Virunga: Tule na nini?
Sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, za kukaanga, zingali moto, na pilipili kidogo tu. Uchachu unakata mafuta, kwa hiyo limau unaweza kuiacha. Jibini ya Masisi nayo inafaa sana: Savoie kwenyewe huyeyusha jibini ndani ya mvinyo mweupe, na ile asidi ndiyo inayoizuia kufanya mabonge. Mbuzi wa kuchoma? Hapo mimi nachukua bia.

Huyohuyo: Na umeme ukikatika, tuupozeje?
Ndoo, maji, barafu, konzi ya chumvi. Nusu saa yatosha. Usiugandishe, harufu itapotea yote. Nyuzi 8 hadi 10 ni sawa.

Papa wa Birere: Nimepewa chupa. Niiweke hadi harusi ya binti yangu?
Binti ana miaka mingapi? Apremont hunywewa ungali mchanga, ndani ya miaka miwili mitatu. Kama hajachumbiwa, Papa, fungua Jumapili hii.