Maswali Yenu: Watafiti wa Mitetemo na Mikataba ya Mabomu ya Nyuklia

SWALI: Mpendwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa. Mhadhiri wetu hutuambia kwamba utafiti wa vyuo vikuu huchangia sera za mambo ya nje na usalama wa kimataifa, lakini kila nikiingia maktaba naona tasnifu zimelala na vumbi lake. Naomba mfano mmoja wa kweli wa utafiti wa chuo kikuu uliogusa uamuzi wa mataifa makubwa kuhusu silaha.
*Msomaji, Dodoma*

JIBU: Ndugu msomaji, umeomba mfano mmoja nami nitashika mmoja, maana nikikutajia kumi hakuna hata mmoja utakaoeleweka. Ni mfano wa wataalamu wa mitetemo ya ardhi, watu waliokuwa wakisoma matetemeko kwa utulivu wao bila kuulizwa mengi na wanadiplomasia, mpaka Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti zilipoanza kuzungumza juu ya kupiga marufuku majaribio ya mabomu ya nyuklia.

Mazungumzo hayo yalikwama kwenye swali jepesi kutamka na gumu kujibu: nchi ikilipua bomu chini ya ardhi kwa siri, wengine watajuaje? Tarehe 19 Septemba 1957 Marekani ililipua bomu ndani ya handaki huko Nevada, jaribio la kwanza lililofungiwa kabisa chini ya ardhi, na mtikisiko wake ukanaswa na vipimo vya mbali. Mwaka uliofuata wataalamu wa pande zote mbili walikutana Geneva, wakapendekeza mtandao wa vituo 160 hadi 170 vya nchi kavu. Haukupita muda, data mpya za Marekani zikaonyesha kwamba kutenganisha bomu dogo na tetemeko dogo ni kazi ngumu kuliko walivyodhani Geneva. Kufikia mwaka 1963 ubishi ulikuwa juu ya idadi ya safari za wakaguzi: Marekani ilitaka 7 kwa mwaka katika ardhi ya Wasovieti, kiongozi wao Khrushchev hakutaka kupita 3. Mkataba uliotiwa saini Moscow tarehe 5 Agosti mwaka huo ulikataza majaribio ya hewani, ya anga za juu na ya chini ya maji, ukayaacha ya chini ya ardhi. Tazama mpaka huo ulipopita: mkataba uliishia pale pale uwezo wa vipimo ulipoishia.

Kuhusu majaribio ya hewani, kulikuwa na utafiti mwingine ambao sipendi kuupita. Katika mji wa St. Louis, kuanzia mwaka 1958, wanasayansi na raia walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Washington cha mji huo waliwaomba wazazi meno ya utoto yaliyong'oka. Mtoto alipeleka jino lake, naye akarudishiwa beji ya kuvaa kifuani. Walikusanya zaidi ya meno 300,000. Walichokuwa wakitafuta ndani yake ni strontiamu-90, zao lenye mionzi la milipuko ambalo huanguka na mvua juu ya majani, likaingia katika maziwa ya ng'ombe, na kwa kuwa mwili huipokea kama kalisiamu, likajikita katika mifupa na meno ya mtoto. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1961, nayo yalionyesha kwamba kiwango kilikuwa kikipanda kadiri majaribio yalivyoongezeka. Siwezi kusema kwamba meno hayo peke yake ndiyo yaliyoleta mkataba. Ninachosema ni kwamba mzazi aliyepinga majaribio sasa alikuwa na ushahidi uliotoka kinywani mwa mwanawe.

Majaribio ya chini ya ardhi yaliendelea, na serikali ya Marekani ikamwaga fedha katika idara za vyuo vikuu ili swali la mwanzo lipate jibu. Vikajengwa vituo vipatavyo 120 katika nchi zipatazo 60, vyote vyenye vipimo vya aina moja, na Nairobi na Addis Ababa zikapata vyao. Kila siku mtumishi wa kituo aliingia katika chumba cha giza, akatoa karatasi ya picha iliyozungushwa kwenye pipa linalojigeuza taratibu, akaweka nyingine. Mstari mwembamba wa mwanga ulikuwa umeandika juu yake kila mtikisiko wa saa 24. Nakala za karatasi hizo zilipatikana kwa mtafiti yeyote duniani, na jambo hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililozaa yote yaliyofuata.

Mwaka 1974 Marekani na Wasovieti walikubaliana kwamba bomu la majaribio lisizidi kilotoni 150, yaani nguvu ya tani 150,000 za baruti ya TNT. Katika ujumbe wa Marekani uliokwenda Moscow alikuwamo Lynn Sykes, mtaalamu wa mitetemo kutoka Chuo Kikuu cha Columbia. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Washington walidai kwamba Wasovieti walikuwa wakivuka kikomo hicho, nao Sykes na wenzake wa vyuo vikuu wakapinga hesabu zilizotumika. Mama anayenunua chungu sokoni hukigonga kwa kidole kabla ya kulipa: kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa, ingawa kidole ni kile kile. Miamba iliyo chini kabisa ya Nevada ina joto na humeza sehemu ya mawimbi, ilhali Semipalatinsk, uwanja wa majaribio wa Wasovieti katika Kazakhstan ya leo, imekaa juu ya miamba ya kale, iliyopoa na kushikamana. Bomu la ukubwa ule ule hulia kwa nguvu zaidi Semipalatinsk. Aliyetumia kanuni ya Nevada kupima bomu la Kazakhstan alilikuza bila kujua.

Mwaka 1986, serikali zikiwa bado zinanuniana, watafiti wa vyuo vikuu vya California na Colorado walikwenda kuweka vipimo vyao karibu na uwanja huo wa majaribio, kwa makubaliano kati ya chama kimoja cha mazingira cha Marekani na Akademia ya Sayansi ya Kisovieti. Miaka miwili baadaye serikali zenyewe zilifanya majaribio ya pamoja, moja Nevada na moja Semipalatinsk, kila upande ukipima bomu la mwenzake. Mkataba wa 1974 uliridhiwa mwaka 1990.

SWALI: Mhariri, mimi ni mtumishi mstaafu wa serikali. Nimeona kwa macho yangu ripoti ikiandikwa ili imfurahishe aliyeilipia. Ikiwa wizara za ulinzi ndizo zinazolipia utafiti huu, kwa nini tuuamini? Na watafiti wakisema kweli, wakubwa husikia?
*Mzee wa Mombasa*

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Shaka yako ina msingi, nami sitaifunika, kwa kuwa fedha za vituo vile 120 zilitoka hasa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Lakini mwenye fedha hakuweza kuzifungia karatasi kabatini. Mtetemo ukitokea, unaandikwa Norway, Nairobi na Bolivia ndani ya nusu saa, na mtafiti wa nchi yoyote anaweza kurudia hesabu akamsahihisha mwenzake hadharani.

Nitakupa tukio la kupimia. Tarehe 16 Agosti 1997 mtikisiko mdogo ulitokea kaskazini ya mbali ya Urusi, upande wa visiwa vya Novaya Zemlya, uliko uwanja wa majaribio wa nchi hiyo. Mkataba wa kukataza majaribio yote ulikuwa haujamaliza mwaka mmoja tangu ufunguliwe kutiwa saini, na katika siku chache habari zikaenea Washington kwamba huenda Urusi imelipua bomu. Watafiti wa Columbia na wenzao wa Norway walizifungua rekodi. Tetemeko ni miamba miwili inayoteleza, mmoja hivi na mwingine vile, kwa hiyo hutoa kwa wingi mawimbi ya kutikisa ubavuni. Bomu husukuma nje pande zote kwa mara moja, na mawimbi yake ya kwanza ndiyo makali. Rekodi zilionyesha tetemeko, tena chini ya Bahari ya Kara, kilomita zipatazo 130 kutoka uwanja wa majaribio. Mwezi Novemba jopo la wataalamu lililoitwa na shirika la ujasusi la Marekani nalo likakubali kwamba halikuwa jaribio la nyuklia. Watu waliopokea mshahara Marekani waliondoa tuhuma iliyoielemea Urusi, na hilo, Mzee wangu, silioni kuwa jambo dogo.

Je, wakubwa husikia? Si kila mara. Tarehe 13 Oktoba 1999 Seneti ya Marekani iliukataa mkataba huo kwa kura 51 dhidi ya 48, na miongoni mwa hoja za waliokataa ilikuwapo ile ya kwamba udanganyifu hautagundulika, ingawa watafiti wengi walikuwa wameeleza kwa kina kinachoweza kuonekana na kisichoweza. Miaka saba baadaye, tarehe 9 Oktoba 2006, Korea Kaskazini ililipua bomu lenye nguvu isiyofika kilotoni moja, nalo likanaswa na vituo zaidi ya 20. Siku kadhaa baadaye kituo cha Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, kikapata gesi ya zenoni yenye mionzi, alama ya mlipuko wa nyuklia, iliyosafirishwa na upepo. Mtafiti humwekea kiongozi jambo mezani. Kiongozi akiligeuzia mgongo, lazima afanye hivyo mbele ya watu wanaojua kilichokuwapo mezani.

SWALI: Nafundisha jiografia. Kutoka shuleni kwetu Kilima Mbogo kinaonekana vizuri, na wanafunzi wameniuliza kama ni kweli kuna mtambo wa kigeni wa upelelezi huko juu. Niwajibu nini?
*Mwalimu, Thika*

JIBU: Mwalimu, wajibu kwamba mtambo upo, unapeleleza ardhi, na wanaouendesha ni watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kilimambogo ni kimoja kati ya vituo 50 vikuu vya mitetemo katika mtandao wa mkataba nilioutaja hapo juu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2000. Mtandao mzima umepangiwa vituo 321 na maabara 16. Vituo vya aina hii huwekwa juu ya mwamba, mbali na barabara, kwa sababu lori linalopita, ng'ombe wanaokimbia, hata mti unaoyumba kwa upepo, vyote hutikisa ardhi na kuichafua rekodi.

Majirani nao wamo. Mbarara, nchini Uganda, kuna kituo saidizi cha mitetemo, na Nairobi kuna kituo kinachosikiliza sauti nzito zisizofikiwa na sikio la binadamu. Kituo cha Dar es Salaam huvuta hewa kupitia kichujio kwa saa 24, kichujio hicho kikaachwa saa 24 nyingine ili mionzi ya asili ipungue, kisha kikapimwa kwa saa 24 kuona kama kimebeba chembe za mlipuko. Takwimu zote hupelekwa Vienna, yaliko makao ya shirika la mkataba huo, na kila nchi mwanachama ina haki ya kuzipata, mbichi na zilizochambuliwa. Hapo ndipo jibu la upelelezi lilipo: anayepeleleza hampi anayepelelezwa nakala.

Wanafunzi wako wakiuliza faida, waulize wazazi wao kuhusu Julai 2007, watu walipokimbia kutoka ofisini jijini Nairobi kwa matetemeko yaliyotokea upande wa milima ya Gelai na Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania: vipimo vinavyosikiliza mabomu ndivyo vinavyoandika pia matetemeko kama hayo. Tena baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyochukua uhai wa watu hata pwani yetu, data za mtandao huu zilianza kupelekwa kwenye vituo vya kutoa tahadhari ya tsunami. Kwa upande wangu, natamani kila mwanadiplomasia wetu anayetumwa Vienna apitie kwanza kwa wanajiolojia wa nyumbani, aketi nao nusu siku mbele ya rekodi, ajue kwa undani anachokwenda kukitetea.

SWALI: Nimesoma kwamba mkataba huo hauwezi kuanza kazi mpaka nchi 44 zilizotajwa kwa majina ziuridhie, na Kongo yetu ni mojawapo. Sisi hatuna bomu. Tuliingiaje humo?
*Msomaji, Likasi*

JIBU: Ndugu yetu wa Likasi, mliingizwa na chuo kikuu. Orodha hiyo ilikusanya nchi zilizoshiriki katika Mkutano wa Kupunguza Silaha huko Geneva mwaka 1996 na ambazo wakati huo zilikuwa na vinu vya nyuklia, vya umeme au vya utafiti. Kinshasa ilikuwa na kinu cha utafiti tangu mwaka 1959, kilichojengwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium wakati wa Wabelgiji, nacho kilikuwa cha kwanza barani Afrika. Urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima ilichimbwa kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, karibu kabisa na hapo ulipo, na Monsinyori Luc Gillon, mkuu wa chuo hicho aliyekuwa pia mwanafizikia, alitaka nchi iliyotoa madini hayo ipate walau chombo cha kujifunzia.

Kongo iliuridhia mkataba mwaka 2004. Zinazokwamisha sasa ni nchi 9: Marekani, China, Misri, Iran na Israel zilitia saini bila kuridhia, India, Pakistan na Korea Kaskazini hazikutia saini kabisa, na Urusi iliondoa uridhiaji wake mwezi Novemba 2023. Lovanium leo ni Chuo Kikuu cha Kinshasa na kinu chake kimekaa kimya kwa miaka mingi, lakini jina la nchi yako limebaki katika orodha ile, na wajibu wake umekwisha kutimizwa.