Maswali Yenu ya Kazini: Msimamizi Mpya, Agizo la Mdomo na Kikao Kimya

Nilikuwa dereva wa watalii kwa miaka 9. Mwezi uliopita nimefanywa msimamizi wa madereva wenzangu na sasa hawanisikii. Nifanyeje? (Msomaji wa Sakina, Arusha)

Kosa la kwanza si lako. Kampuni nyingi za hapa humchukua dereva bora, humpa meza, kisha humwacha ajifunze uongozi peke yake, ilhali kuijua barabara ya Ngorongoro ni kazi moja na kumkanya rafiki uliyekula naye nyama choma jana ni nyingine kabisa. Usifoke ili waone umekuwa mkubwa. Chunguza kwanza wanachokinung'unikia, na aghalabu utakuta ni mgawanyo wa safari. Katika yadi niliyowahi kuisimamia, dereva mmoja alikuwa akifika saa kumi na moja alfajiri, tairi amezijaza upepo na maji ya wageni ameyapakia, lakini safari ndefu zenye bakshishi nono zilikwenda kwa ndugu wa watu wa ofisini. Nilipobandika ukutani ratiba ya mwezi mzima, kila mtu akaiona zamu yake, manung'uniko yalipungua kuliko vikao vyote vya kabla. Mtake pia mwajiri akuandikie cheo chako, mipaka yake na mshahara wake, kwa maana kilichotolewa kwa mdomo hunyang'anywa kwa mdomo.

Bosi ameniambia, "Kesho usije." Nimemfanyia kazi miaka 4. Nina haki yoyote? (Msomaji wa Moshi)

Swali hili naletewa kila mara, na wengi huliuliza muda ukiwa umekwisha kupita. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Nenda leo, na udai hati yako ya utumishi, yaani karatasi ya mwajiri inayothibitisha kuwa ulimfanyia kazi.

Masika wageni wakipungua, mwajiri hutukata nusu ya mshahara. Anaruhusiwa?

Hawezi kuamua peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka ashauriane na mfanyakazi anapobadili masharti ya ajira, na mabadiliko hayo yaandikwe. Aprili na Mei huja kila mwaka, hivyo akiba ya miezi hiyo iwekwe tangu Julai.

Naongoza kampuni ya familia. Kikaoni wote husema "sawa, mkurugenzi", kisha hakuna kinachotekelezwa. (Msomaji wa Njiro)

Kumbuka mtu wa mwisho aliyekupinga mbele ya wenzake, ujiulize yaliyompata baadaye, kwa kuwa waliobaki waliyaona. Ikiwa umempa shemeji yako umeneja, hilo nalo limewafunga midomo, maana hakuna atakayemsema ndugu yako mbele yako. Mwite mhasibu faragha, mwulize ni uamuzi gani wako wa mwaka huu ambao yeye asingeufanya, uandike jibu lake bila kumkatiza, na katika kikao kijacho uwaeleze wote ulichobadilisha, pasipo kulitaja jina lake.