Wifi anakaribia kujifungua, damu nyingi inazuiwaje?

Bibie khofu yako naielewa, umeuliza wauguzi wanafanya nini mzazi asitokwe na damu nyingi akijifungua kawaida, na wifi yako yuko Wete siku zake zimekaribia. Kubwa khasa ni sindano ya oksitosini yuniti 10, anachomwa mama, si mtoto, ndani ya dakika 1 tangu mtoto kutoka, inakaza kizazi kwani damu nyingi inatoka pale kizazi kinapolegea. Kondo likitoka mkunga analikagua kama zima, kipande kikibaki ndani ni balaa. Halafu kila dakika 15 masaa 2 ya mwanzo anashika tumbo usawa wa kitovu, kizazi kiwe kigumu kama ngumi, kikilegea anakisugua. Nyie ndugu mkumbusheni akojoe manake kibofu kikijaa kizazi hakikazi, na mtoto anyonye mapema.

Nawaomba sana musimkimbize nyumbani, masaa 24 ya mwanzo ndo ya khatari. Na hata akisharudi, pedi ikirowa chapachapa ndani ya saa moja, au kizunguzungu, jasho la baridi, moyo unakwenda mbio, musingoje asubuhi wala musianze kumkanda maji moto, mrejesheni spitali hapo hapo.