Kwa Wauguzi Wapya wa Goma: Mahali Makosa ya Dawa Yanapoanzia

Ninyi mnaoanza kazi katika vituo vya afya vya Goma mtagundua kwamba makosa mengi ya dawa hayatokani na kutojua dawa, bali hutokea dawa inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, hasa asubuhi ambapo wagonjwa wamejaa hadi nje na muganga mmoja ndiye anayepima, anayeandika na anayegawa.

Kinachorukwa kwanza ni mizani. Mtoto hukadiriwa kwa umri, ilhali parasetamoli ya mtoto huhesabiwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 150. Sasa zitazameni chupa mbili za dawa ya maji: moja ina miligramu 120 katika mililita 5, nyingine ina 250 katika mililita hizohizo. Mililita 6 za chupa ya kwanza zinamtosha. Mililita 6 za chupa ya pili zinampa dozi mara mbili. Tena vijiko vya nyumbani havilingani, kwa hiyo mpeni mama seringi isiyo na sindano, mtie alama kwa kalamu, kisha avute dawa mbele yenu. Msimwulize kama ameelewa, kwa sababu atajibu "ndiyo, muganga" kwa heshima tu.

Ulizeni pia, kwa upole, alichonunua farmasini kabla ya kuja. Wengi huficha wakiogopa kugombezwa, na lawama hiyo ni yetu. Mtu anaweza kumeza Doliprane na Efferalgan siku moja bila kujua kwamba zote ni parasetamoli. Kwenye fishi, yaani kadi ya mgonjwa, andikeni jina zima la dawa, maana metformini na metronidazoli zikifupishwa kwa haraka husomeka vibaya.

Mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani lilipozindua mpango wake wa dawa bila madhara, lilitaja uhamisho wa mgonjwa kuwa miongoni mwa maeneo matatu ya kushughulikiwa kwanza. Kwetu jambo hilo ni zito. Mtoto mwenye degedege aliyechomwa diazepamu kituoni, akifika hospitali bila maandishi, anaweza kuchomwa tena na pumzi yake ikadhoofika. Kwa hiyo karatasi ya uhamisho isiondoke kabla ya kuandikwa jina la dawa, kiasi na saa iliyotolewa.