Mahindi yamegeuka manjano? Usikimbilie mfuko wa pili wa urea

Juzi dada mmoja wa Mpeketoni kanitumia picha ya mahindi yake, yamefika magotini, majani ya chini yote manjano, akauliza, "Dadangu, niongeze urea mifuko mingapi?" Nilinyamaza kwanza, sababu lile jani nalijua. Umanjano umeanzia nchani ukashuka katikati ya jani kama V, kandokando bado kuna ukijani. Hiyo ni njaa ya naitrojeni, kile chakula cha mmea kilichomo kwenye mbolea ya urea, na mimi njaa hiyo imeniliza.

Masika yangu ya kwanza kwenye shamba la marehemu baba, hapa Ganda, nilipanda mbegu ya mahindi ya PH4 ikaota vizuri sana, kufika wiki ya nne ikaanza kupauka. Nikaenda mjini Malindi kwenye duka la pembejeo, muuzaji hata hakuuliza udongo wangu ukoje, kanipa urea kilo 50 akasema mwaga tu mama, mvua itashusha. Nikamwaga saa sita mchana juu ya mchanga wenye unyevu kidogo, jua linawaka, upepo wa bahari huo unavuma. Siku ya tatu napita shambani nainama kung'oa magugu, nasikia harufu inachoma pua, ile ya zizi la mbuzi asubuhi, nikadhani mbuzi wa jirani wameingia. Kumbe ni amonia. Urea ikilala juu ya udongo wenye joto na unyevu inageuka amonia, na isipofukiwa inapaa na upepo. Ule mfuko una naitrojeni kilo 23 tu ndani yake, na mimi nilikuwa nazinusa zikiondoka.

Iliyobaki ikamalizwa na mvua. Bakteria wa udongoni wanaigeuza amonia kuwa naitreti, na naitreti ndiyo mahindi wanaipenda hasa, lakini udongo hauishiki, inafuata maji popote yanapokwenda. Udongo wa mfinyanzi maji yake yanashuka polepole, mzizi unawahi. Mchanga wetu huu mvua ya siku mbili inaipeleka chini kabisa, mzizi unabaki juu mtupu. Nilivuna gunia tatu kwa ekari. Ami yangu akasema mbele ya watu kwamba shamba la kaka yake limepata mtu wa kulichezea, na mpaka leo naandika haya neno lile bado linaniuma.

Basi nikaanza kuuliza, maofisa wa kilimo, wazee, mtu yeyote. Kitu kilichonifungua macho ni kwamba mahindi hayali mbolea, yanakunywa. Naitreti inaingia na maji mzizini, inapanda mpaka kwenye jani, huko ndiko inatengenezwa protini na ule ukijani wenyewe unaopikia mmea chakula kwa jua. Ikipungua, mmea unayanyang'anya majani ya zamani unayapa machanga, ndiyo maana manjano inaanza chini. Na kama udongo ni mkavu, hata umwage mifuko kumi haunywi kitu. Kwa hivyo fukia mbolea. Weka kidogo kidogo, kifuniko kimoja cha soda kwa shina, mara ya kwanza yakiwa magotini, mara ya pili kabla hayajatoa mbelewele, udongo ukiwa na unyevu, halafu fukia. Narudia tena, fukia!

La pili ni kunde. Mama alikuwa akizipanda katikati ya mahindi nami nikaona ni mambo ya kizamani, Mungu anisamehe. Siku moja nikang'oa shina moja taratibu, mzizini kuna vinundu kama punje za mtama, nikakipasua kimoja kwa ukucha, ndani chekundu-pinki kama nyama. Rangi hiyo maana yake bakteria waliomo wanafanya kazi, wanachukua naitrojeni ya hewani, ambayo ni asilimia 78 ya hewa yote, mmea wenyewe hauwezi kuigusa. Lakini jamani usidhani kunde zinamgawia jirani papo hapo, sehemu kubwa imo kwenye majani na mizizi, inarudi ardhini vikioza. Sisi tunachuma, tunang'oa, tunachoma moto, kisha tunalia udongo umechoka. Tuache kuchoma! Baba zetu walituachia ardhi, sio majivu.

Msimu uliopita ekari ileile imenipa gunia kumi na moja, na ami alikuja mwenyewe kuomba mbegu. Nilimpa, na kunde nikamfungia.

Sasa wewe dadangu wa Mpeketoni, usinunue kitu wiki hii. Chimba kiganja kimoja karibu na shina uguse kama kuna unyevu. Kama upo, chukua ile urea iliyobaki, chora kijifereji umbali wa vidole vinne kutoka kwenye shina, tia, fukia jioni hiyohiyo. Majani yaliyokwisha kuwa manjano hayatarudi, usiyaangalie. Angalia jani jipya linalochomoza juu, baada ya siku kumi nitumie picha yake.