Shokapu mbili kwa dola 1,150?

SWALI: Ndugu Mhariri, naishi Columbus, Ohio. Gereji moja yenye matawi mengi imenikadiria dola 1,150 kubadilisha shokapu mbili za mbele za Corolla. Ni bei halali au napigwa?

JIBU: Kwa Corolla, bei hiyo iko juu. Dai mchanganuo: vifaa, ufundi, alaimenti (kurekebisha mlalo wa tairi). Kisha uliza kama ni shokapu tupu au seti kamili, ile inayokuja na springi, mpira wa juu na beringi yake. Seti ni ghali zaidi dukani, ila fundi hahitaji kubana springi ya zamani ili kuihamishia kwenye shokapu mpya, kazi ya hatari inayokula muda. Hivyo saa za ufundi nazo zipungue. Bili nyingi huvimba hapo: unauziwa seti na bado unatozwa saa za kubana springi.

Ukichukua shokapu tupu, usirudishie mpira na beringi za zamani. Zikichoka, springi hugonga kila ukikata kona, na utalipia kazi ileile mara ya pili.

Alaimenti si ujanja wa kukukamua. Bolti za chini zikifunguliwa, tairi hubadili mlalo na kuanza kulika upande mmoja. "Dhamana ya maisha" ndiyo ya kusoma vizuri. Mara nyingi hufidia kifaa, si ufundi.

Ila kwanza omba uoneshwe ubovu wenyewe. Unyevu mwepesi wa mafuta kwenye shokapu ni kawaida. Mafuta yanayotiririka siyo. Na kama tatizo ni mgongano tu kwenye vishimo vidogo, mwambie fundi akague stabilaiza linki, kifimbo kinachounganisha shokapu na stabilaiza, chuma kinachozuia gari kulalia upande kwenye kona. Ni kifaa cha bei ndogo kabisa.